Karo kwa Shilingi Mbili: Kisa cha Mwanafunzi wa Biashara Kutoka Tanzania Aliyekuja Kusoma Nairobi

Kuhusu kisa hiki

Nimefundisha uhasibu Nairobi kwa miaka mingi, na kwa muda sasa ninawashauri wanafunzi wa kigeni wanaosomea shahada ya biashara. Kisa hiki ni cha mmoja wao. Nimemwita N. Yeye na mlezi wake wameniruhusu kukisimulia. Jina la chuo, mji wa kwao na mambo mengine yanayoweza kumtambulisha nimeyaondoa, na viwango vya fedha za familia nimevikadiria kwa tarakimu nzima. Viwango vya kubadilisha shilingi ndivyo vilivyokuwa sokoni wakati huo, kwa makadirio.

Ninakiandika kwa sababu kila muhula napokea vijana wa namna yake kutoka Tanzania, Burundi na mashariki ya Kongo, na wazazi wengi huniambia neno moja: "Si mbali, ni hapo jirani tu." Nimeanza kuliogopa neno hilo.

Usuli

N. alimaliza Kidato cha Sita mwaka 2023 katika mji mmoja wa kaskazini mwa Tanzania, mchepuo wa biashara, akiwa na alama nzuri. Hakupata mkopo aliotarajia kwa chuo cha nyumbani. Baba yake mdogo, mwenye duka la vifaa vya ujenzi na ndiye aliyemlea tangu darasa la tano, akaamua kumlipia mwenyewe. Kati ya chuo cha nchini kwa gharama zake na chuo cha Nairobi, akachagua Nairobi. Sababu zake zilikuwa na uzito. Basi la asubuhi linavuka Namanga na kufika Nairobi siku hiyohiyo. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kizinduliwe mwaka 2018, msafiri anahudumiwa na pande zote mbili mahali pamoja. Yeye mwenyewe alikuwa akinunua mabati na rangi kutoka Kenya, na aliuona mji huu kuwa ndio ulipo mzunguko wa biashara.

Barua ya kukubaliwa ilitoka Januari 2024, kwa masomo ya kuanza Mei. Karo ilikuwa Ksh 120,000 kwa muhula wa miezi minne. Hosteli, chakula, nauli na vitabu vilikadiriwa Ksh 28,000 kwa mwezi. Jumla ni Ksh 232,000 kwa muhula.

Baba mdogo akapiga hesabu. Wakati ule shilingi moja ya Kenya ilibadilishwa kwa karibu shilingi 16 za Tanzania. Akapata Tsh 3,712,000, akaongeza kidogo kwa dharura na kutenga Tsh 3,800,000 kwa kila muhula, kwa miaka yote minne. Aliandika kiasi hicho kwenye daftari la duka na kukichora duara. Chuo kilikuwa tayari kupokea karo ya mwaka mzima mapema, lakini akaona hakuna haraka. Shilingi ya Kenya ilikuwa ikishuka tangu mwaka 2022, kutoka kama 113 kwa dola moja hadi kufikia 160 Januari hiyo. Alisema, "Tukisubiri itakuwa rahisi zaidi." Mtu yeyote aliyetazama miezi ishirini na minne iliyotangulia angesema hivyohivyo.

Mei hadi Agosti 2024

Kilichobadilisha mambo kilitokea kabla N. hajafunga begi. Wawekezaji walikuwa wakihofia kwamba Kenya ingeshindwa kulipa deni la hatifungani (dhamana ya mkopo wa serikali) ya dola bilioni 2 lililoiva Juni 2024, na hofu hiyo ilikuwa imechangia kuivuta shilingi chini. Februari serikali iliuza hatifungani mpya ya dola bilioni 1.5 na kununua sehemu kubwa ya ile ya zamani. Hofu ikapungua, dola zikaingia, na katika wiki chache shilingi ya Kenya ikapanda hadi karibu 130 kwa dola. Shilingi ya Tanzania wakati huohuo ilikuwa ikilegea. N. alipovuka Namanga mwezi wa Mei, shilingi moja ya Kenya ilikuwa karibu 20 za kwao.

Baba mdogo alilipa karo moja kwa moja benki. Ilimgharimu Tsh 2,400,000. Zikabaki Tsh 1,400,000, akamtumia N.. Kwenye simu ya N. ziliingia kama Ksh 70,000, nazo zilipaswa kumtosha miezi minne. Bajeti ya Ksh 28,000 kwa mwezi ikawa 17,500. Hapo sijahesabu makato ya kutuma pesa kwa simu kuvuka mpaka, wala kiwango cha mtandao ambacho huwa chini kidogo ya kile cha benki.

N. hakumwambia mtu. Alidhani yeye ndiye mwenye mkono mwepesi na Nairobi ndivyo ilivyo. Julai alitoka hosteli, akahamia bedsita, yaani chumba kimoja cha kupanga, ya watu watatu katika mtaa wa Githurai.

Chuoni mambo yalikuwa na ugumu wake. Sekondari za Tanzania hufundisha kwa Kiingereza, lakini darasani walimu na wanafunzi wengi hueleweshana kwa Kiswahili. Kwa hiyo N. aliandika Kiingereza safi na kukizungumza kwa woga. Na Kiswahili chake, ambacho ndicho alichokitegemea, hakikumsaidia alivyotarajia. Wenzake walijadiliana kwa Sheng, lugha ya mitaani ya Nairobi, na kwa Kiingereza. Alipomwamkia mhadhiri "shikamoo" mlangoni, darasa lilicheka. Hawakuwa na ubaya, lakini aliacha kuamkia. Katika kazi za kikundi alipewa kuchapisha na kubana karatasi.

Tena ulikuwa Juni 2024. Bajeti za Kenya, Tanzania na Uganda zilisomwa siku moja, tarehe 13. Mhadhiri wa misingi ya uhasibu aliutumia Muswada wa Fedha, yaani mapendekezo ya kodi ya mwaka ule, kufundishia, na darasa zima likawa linabishana juu ya pendekezo la kuutoza mkate VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16. N. hakuwa na la kuchangia, kwani kwao ni asilimia 18 na hakujua kwa nini hapa kila mtu anaujua muswada kwa vifungu. Kisha yakaja maandamano ya tarehe 25 ya kuupinga muswada huo. Siku tatu alikaa ndani na wenzake wawili, simu ikilia kutoka nyumbani kila saa.

Mitihani ya Agosti aliifanya na kufaulu yuniti (masomo ya muhula) zote, mbili kwa alama za chini. Nyumbani walifurahi.

Septemba hadi Novemba 2024

Muhula wa pili baba mdogo alituma Tsh 3,800,000 zote kwa N. mwenyewe. "Umekua, sasa ujue kushika pesa," alimwambia. Shilingi ya Kenya ilikuwa imefika karibu 21. Zikaingia kama Ksh 181,000. Ukitoa karo, hubaki Ksh 61,000 kwa miezi minne, yaani kama 15,000 kwa mwezi, na kutoka humo pango, chakula na nauli.

Hapa N. alifanya uamuzi wake wa kwanza mkubwa. Alilipa chuoni Ksh 75,000, akabaki na deni la 45,000, na kutoka kwenye kilichobaki akaweka Ksh 20,000 kwenye vitenge alivyotumiwa na binamu yake kwa basi. Alikusudia kuwauzia wanafunzi wenzake na kufunga pengo kabla ya Novemba. Faida kwa kila kitenge ilikuwa nzuri. Tatizo ni kwamba zaidi ya nusu aliwakopesha.

Alifika kwangu mwanzoni mwa Oktoba. Wahadhiri wawili walikuwa wameniambia kuna binti wa Tanzania asiyezungumza darasani na anayekosa vipindi.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Masomo yanaendaje?"

"Yanaenda, mwalimu. Lugha tu ndiyo inanisumbua kidogo."

Nikaamini. Nilimwandikisha katika klabu ya midahalo ya Kiingereza, iliyokutana Jumanne na Alhamisi saa kumi na mbili jioni, nikamtafutia mwenzake wa kusoma naye, na nikaandika kwenye faili langu "lugha na upweke". Baada ya wiki tano nilipata habari kwamba amehudhuria klabu mara tatu tu. Nilimwita kwa hasira kidogo. Ndipo aliponiambia kwamba jioni nauli ya kurudi Githurai hupanda, na mvua ikinyesha hupanda maradufu, na kwamba kwenda klabu kulimaanisha kutokula chakula cha mchana siku inayofuata.

Nilimpa karatasi. Nikamwambia aandike kila alichopokea tangu Mei kwa shilingi za Tanzania, na mbele yake alichopata kwa shilingi za Kenya. Ilimchukua dakika kumi. Alipogawanya safu moja kwa nyingine alinyamaza, akarudia hesabu kwa simu, halafu akasema, "Kwa hiyo si mimi niliyekula pesa." Akalia. Nami nilikaa pale nikijua kwamba ningeweza kumpa karatasi ile wiki tano nyuma.

Maamuzi na sababu zake

Mitihani ilikuwa wiki ya kwanza ya Desemba. Bila kumaliza karo hakuna kadi ya mtihani. Katika yuniti sita alizosajili, mbili alikuwa amekosa zaidi ya theluthi moja ya vipindi, na kanuni ya chuo haikumruhusu kuzitahini.

La kwanza lilikuwa simu ya nyumbani. N. hakutaka kabisa. "Baba mdogo atasema nimekula ada," alisema. Niliona kwamba mpango wowote usiomhusisha mlipaji ungevunjika Januari. Tulimpigia simu pamoja, spika ikiwa wazi.

Alipokea kwa upole, kisha akawa mkali. "Mwalimu, mimi pesa nimetuma ileile. Haijapungua hata senti."

"Ni kweli, mzee wangu, hukupunguza," nilimjibu. "Lakini hebu nikuulize. Mabati unayoyatoa huku Kenya, Januari ulinunua bei gani na sasa unanunua bei gani?"

Kimya. Halafu akasema taratibu, "Mabati nimepandisha bei mara mbili tangu Machi." Akanyamaza tena. "Ah. Mwambie mtoto asilie."

Mfanyabiashara huyu alikuwa ameliona badiliko la sarafu kwenye rafu zake kabla ya sisi sote, na alikuwa amejikinga. Hakuwahi kulihamisha hadi kwenye ukurasa wa karo, kwa sababu karo aliiweka kwenye daftari kama deni lisilobadilika, lenye duara.

La pili lilikuwa nini kifanywe na muhula. Baba mdogo alitaka N. auahirishe wote, arudi nyumbani apumzike, aanze upya Januari. Mimi nilipinga. Angepoteza karo iliyokwisha lipwa, na nimeona wengi wanaorudi "kupumzika" wasivuke tena Namanga. Tukakubaliana na ofisi ya fedha alipe Ksh 30,000 mara moja na 15,000 kabla ya katikati ya Januari, atahini yuniti nne, na zile mbili aziahirishe kwa maombi ya maandishi. Maombi hayo yana tarehe ya mwisho. Angechelewa siku nne zaidi, zingehesabiwa amefeli.

La tatu, vitenge. Nilimwambia aache. Anaishi hapa kwa pasi ya mwanafunzi, na pasi hiyo ni ya masomo. Hakulijua hilo. Alidhani raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki anaweza kuuza popote, kwa kuwa amesikia habari za Soko la Pamoja, ambalo itifaki yake ilianza kutumika Julai 2010. Itifaki inafungua mlango, lakini kila kibali bado kina kazi yake.

La nne ndilo lililotuchukua muda zaidi: namna ya kupata shilingi za Kenya kuanzia hapo. Desemba shilingi ya Tanzania ilipata nguvu ghafla, na moja ya Kenya ikashuka chini ya 19. Baba mdogo akataka anunue za mwaka mzima palepale. Nilimshauri anunue za muhula wa Januari zote, na zinazofuata azigawe kila mwezi kwa fungu sawa. Sikuwa na ufunguo wa kujua bei itaelekea wapi, na yeye Januari aliwahi kujiamini. Fungu la kila mwezi humfanya mtu anunue kwa wastani, akose bei bora kabisa lakini pia asiangukie mbaya kabisa. Ilipofika Aprili 2025 shilingi ya Tanzania ililegea tena, na yeye tayari alikuwa na mafungu matatu mkononi.

Matokeo

N. alifaulu yuniti nne za Desemba. Mbili alizoahirisha alizifanya baadaye, akafaulu, ingawa zilimsogeza nyuma ya wenzake kwa muhula mmoja. Deni lilimalizwa Januari 10. Alihama Githurai na kupata chumba cha wawili karibu na chuo, na hapo mahudhurio yakarekebika bila mtu kumhimiza. Klabu ya midahalo alirudi kwa hiari.

Muhula wa Januari 2025 ulileta jambo ambalo sikulitegemea. Alichukua misingi ya kodi, na katika jaribio la kwanza la katikati ya muhula akapata 9 kati ya 30. Alikuwa amekokotoa VAT kwa asilimia 18. Kwenye swali la mshahara alikata NSSF (mchango wa hifadhi ya jamii) ya asilimia 10 kwa mfanyakazi, kama ya kwao, wakati hapa ni asilimia 6 yenye ukomo. Herufi ni zilezile NSSF, nchi mbili, sheria mbili. Alichoandika hakikuwa ujinga. Angetahiniwa nyumbani angepata alama zote.

Tukakaa na daftari lenye safu mbili. Sheria ya VAT ya Kenya ni ya 2013, ya Tanzania ni ya 2014. Sheria ya kampuni huku ni ya 2015, kule ni ya 2002. Kodi ya mapato ya kampuni ni asilimia 30 pande zote. Taarifa za fedha zinafuata viwango vilevile vya kimataifa, hivyo mizania aliyojifunza Nairobi inasomeka Arusha bila kubadilishwa hata mstari. Mwisho wa muhula alipata alama ya kati katika kodi. Mhadhiri alimwomba alionyeshe darasa daftari lile, akaeleza kwa Kiingereza na Kiswahili, na safari hii waliouliza maswali walikuwa wengi.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi ni karatasi ya safu mbili, simu ya pamoja, na malipo ya mafungu. Zote ni zana za mwaka wa kwanza wa uhasibu. Lililofaa zaidi, kwa maoni yangu, ni kumweka mlipaji na mwanafunzi kwenye hesabu moja. Kabla ya hapo kila mmoja alikuwa na namba zake za kweli, na kila mmoja alimshuku mwenzake kwa haki kabisa.

Kosa langu nimeshalitaja, lakini linahitaji kuchimbwa. Nilisikia lafudhi, nikaona ukimya, nikamaliza uchunguzi. Lugha ilimsumbua kweli. Lakini mtu mwenye njaa na deni hunyamaza katika lugha zote anazozijua. Tangu hapo, mwanafunzi wa kigeni akija kwangu kwa jambo lolote, namuuliza kwanza analala wapi na anarudi huko kwa nauli ya nani.

Kosa la familia lilikuwa kudhani hatari ya sarafu ni ya wanaokwenda mbali. Anayempeleka mwanawe Uingereza hulala na kuamka akitazama bei ya pauni. Anayempeleka Nairobi haangalii, kwa kuwa pande zote mbili zinaitwa shilingi. Kati ya Januari na Septemba 2024, bila chuo kuongeza hata senti, muhula wa Ksh 232,000 ulipanda kutoka Tsh 3,712,000 hadi 4,872,000. Kuahidi kiasi kimoja cha shilingi za nyumbani kwa miaka minne ni kumwachia kijana abebe badiliko lote peke yake.

Chuo nacho kina sehemu yake. Barua ya kukubaliwa ilitaja karo, ikataka vyeti vya NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, vilinganishwe, ikaeleza pasi ya mwanafunzi. Haikusema lolote kuhusu yuniti zilizojengwa juu ya sheria za Kenya. Mwanafunzi wa uuzaji anaweza asilihisi hilo. Wa uhasibu atalihisi mwaka wa pili, na tena akihitimu. Hapa njia ya kuwa mhasibu aliyesajiliwa hupitia mitihani ya KASNEB, bodi ya mitihani ya wahasibu ya Kenya iliyoanzishwa mwaka 1969. Kwao hupitia NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu ya Tanzania iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972. Taasisi za wahasibu za kanda zilitia sahihi makubaliano ya kutambuana mwaka 2011, lakini hayo humfaa aliyekwisha kuwa mhasibu kamili. Mwenye shahada tu bado ana mitihani mbele yake, na lazima ajue ni ya upande gani. Shahada yenyewe naye ataipeleka kwa Tume ya Vyuo Vikuu ya Tanzania itambuliwe.

Nilimwekea N. haya yote mezani mwaka 2025 ilipofika saa ya kuchagua mchepuo. Niliegemea upande wa fedha na benki, ambako sheria za nchi zinabana kidogo. Alinisikiliza, akaondoka, akarudi baada ya wiki akiwa amechagua uhasibu. Alisema duka la baba mdogo linanunua Kenya na kuuza Tanzania, na hajaona mtu wa kusoma vitabu vya pande zote mbili.

Kilichobaki ni mafunzo ya kazini, ambayo wanafunzi wote hapa huyaita atachimenti. Anataka kuyafanya Arusha, katika ofisi ya ukaguzi wa hesabu, ajifunze kodi ya kwao kwa vitendo. Kanuni inamtaka msimamizi wa chuo amtembelee kazini, na idara haina fungu la safari ya kuvuka mpaka. Nimeandika barua kuomba msimamizi amkague kwa simu ya video. Barua iko mezani kwa mkuu wa idara tangu Jumatatu.